Walipokula Walikuwa wa Porini

Wiki iliyopita nilimkuta mtoto wa dada yangu ameketi uani, akitikisa kopo la maziwa ya unga lenye kokoto ndani. Kopo limeshika kutu, maandishi yake yamefutika, na mfuniko umefungwa kwa waya. Nililijua kwa sauti kabla ya kuliona. Nilikuwa bado mlangoni, begi la safari begani, sijamsalimia mtu, na hasira ikanipanda kama maziwa yaliyoachwa motoni bila mtu jikoni. Nikanyoosha mkono nimnyang'anye. Mama, aliyekuwa akichambua mboga ya lengalenga kwenye ungo, hakuinua hata kichwa.

"Acha mutoto acheze," akasema.

Wenzangu wa rika langu hupenda kukumbuka utoto wao kwa utamu: mandazi ya asubuhi, kuogelea ziwani, mvua juu ya mabati. Mimi pia nina ziwa na nina mabati. Lakini kila nikiyakumbuka, kopo lile hulia katikati yake, na nikilisikia simkumbuki mtu niliyekuwa nikimpenda. Nawakumbuka niliotakiwa kuwapigia kelele nikanyamaza.

Tulikaa katika nyumba ya kazi ya baba, kwenye mteremko wa moja ya zile rasi tano ambazo Bukavu inaziingiza majini. Baba alikuwa karani, mtu wa kalamu mbili mfukoni na abakosi, ile suti isiyo na tai, ya kijivu, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwikoni. Mama alifundisha ushonaji katika kituo cha akina mama cha parokia. Chini ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kisichofika ukubwa wa uwanja wa basketi, na hapo mama alipanda mtama. Majirani walimcheka. Mke wa karani, wakasema, anayeweza kununua unga sokoni, anainama juani kama mwanamke wa kijijini.

Hawakujua mtama ule ulikuwa nini. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amefariki kwao Kalehe, na alichomwachia mama, binti yake mkubwa, kilikuwa kibuyu cha mbegu ya mtama mwekundu, mfupi, wenye suke zito linaloinama kama mtu anayesali. Kwao, siku ya kuondoa kilio, binti mkubwa huleta kasiksi, pombe ya ndizi iliyochachushwa kwa mtama wa marehemu mwenyewe. Watoto wote hunywa kutoka chungu kimoja, kisha kila mmoja huondoka na konzi ya mbegu akapande kwake. Ndiyo njia yao ya kumgawana mtu bila kumkata. Lakini wadudu walikuwa wamekwisha kula nusu ya kibuyu, na mama aliogopa watamaliza iliyobaki. Akaipanda yote. Hakubakiza hata punje. Koko mzima alikuwa ardhini, chini ya nyumba yetu, akisubiri kiangazi.

Mimi nina jina la koko. Kwa hiyo mama, hadi leo, huniita mama.

Sasa kuhusu ndege. Nyumba kubwa mwishoni mwa rasi, yenye majani yaliyokatwa sawasawa hadi majini, ilikuwa ya Muhindi mmoja muuza vitambaa. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka na nyumba zao ikawapa wananchi (wananchi wachache, waliojulikana, waliojua mlango wa kubisha), Muhindi aliondoka na masanduku mawili. Nyumba, duka na vitambaa alipewa mtu ambaye mtaani tulimwita Akerere, kwa jina la Kifaransa walilopewa watu wote wa namna hiyo, waliopata bila kununua. Pamoja na nyumba alipata kizimba kikubwa kama chumba, chenye kasuku wadogo wa kijani wenye mikia mirefu, ambao Muhindi alikuwa amewaleta kutoka kwao. Simtakasi Muhindi. Mtu anayefunga ndege kwa sababu ni mzuri ana lake la kujibu. Lakini angalau aliwalisha. Mpishi wa nyumba ile alisimulia kwamba Akerere alivumilia kelele zao kwa majuma mawili, kisha akasema zinamkatisha usingizi wa mchana. "Fungua, ziende kwao," akaamuru. Kwao wapi, hakusema.

Hawakwenda. Walipata matundu katika miti mikubwa ya rasi, wakataga, wakazaa. Nilipofika darasa la pili walikuwa kundi zima. Waliruka juu ya mabati yetu asubuhi na jioni wakipiga makelele kama wanawake wanaogombania foleni ya sukari.

Na hapa ndipo nilipokosea. Shuleni, kila asubuhi, bendera ya Chama tawala, iliyokuwa pia ya nchi, ilipandishwa (drapeau ya Parti, kwa Kifaransa cha mwalimu), na ilipopanda kila kitu kilisimama. Si sisi wanafunzi tu. Hata aliyekuwa akipita barabarani na mkungu wa ndizi kichwani alisimama akiwa ameukunja uso kwa uzito, mpaka kamba iishe. Mwalimu alitufundisha rangi zake: kijani, manjano, na wekundu wa moto wa mwenge. Siku moja kasuku mmoja alitua kwenye ua wetu, karibu hata ningeweza kumgusa. Mwili wa kijani. Alipoinua bawa, chini yake palikuwa na manjano. Na mdomo ulikuwa mwekundu kama kaa la moto. Hakuna aliyeniambia lolote. Nilifikiri peke yangu, nikaunganisha, nikahitimisha: hawa ni ndege wa Chama. Hiyo ilikuwa nadharia yangu ya kwanza maishani. Tangu hapo nimeziangalia nadharia zote kwa jicho la pembeni, zangu zaidi ya za wengine.

Mtama ulipoanza kuiva, mama alinipa kopo. Nilikuwa nikitoka shule saa sita, yeye akirudi saa kumi, na kati ya hapo mtama ulikuwa wangu. Nilikaa juu ya jiwe, na shomoro walipotua, au wale wadogo wa manjano wanaofuma viota, niliruka na kutikisa kopo na kupiga kelele: "Huuu! Huuu! Tokeni mu mtama!" Nilikuwa mlinzi mkali. Mama alinisifu.

Kisha wakaja kasuku. Niliwasikia wakipinda kutoka kwenye miti ya Akerere, nikawaona wanashuka, thelathini, arobaini, kijani, manjano, wekundu. Nikaweka kopo chini taratibu lisilie. Nikabana visigino. Nikashusha mikono ubavuni, kidevu juu, nikasimama wima kama tulivyosimama shuleni, na kasuku wakala. Walikula kwa ustadi: mguu mmoja unashika suke, mdomo unapasua punje, makapi yanaanguka. Walikula hadi wakashiba. Sikutikisika. Jua lilinichoma utosini, mkojo ukanibana, na nilijivuna kwamba hakuna mtu anayeniona na bado nimesimama.

Nilifanya hivyo kwa alasiri tatu. Siku ya nne mama alishuka shambani kabla ya kuvua hata viatu.

"Mama, ulikuwa wapi?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilikuwa hapa."

"Hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisimama."

"Ulisimama sawa nani?"

"Sawa ku drapeau. Ile bandege ni ya Parti, maman."

Alicheka, akacheka mpaka akaketi kwenye udongo, na nilipotaka kucheka naye nikaona mashavu yake yamelowa. Akanivuta magotini pake. "Sikia. Ile ni kasuku ya Muhindi. Ilitoka mu kizimba. Aiko ya Parti, aiko ya mutu. Ukiiona, piga kopo mpaka mukono ikauke. Umesikia?"

Nilisikia. Niliamini nusu.

Theluthi moja ya mtama ilikuwa imekwisha. Mama hakunipiga. Alichemsha utomvu wa mti kama kaka zake walivyofanya Kalehe, akatengeneza ulimbo, akapaka vijiti, akavipanga juu ya masuke. Asubuhi ya pili kasuku mmoja alikuwa amenasa. Mama alimkunja shingo haraka, bila chuki, kama mtu anayekunja shati, akamfunga miguu juu ya kigingi katikati ya shamba, kichwa chini, ili wenzake waone. Hivyo ndivyo wafanyavyo kwao. Na walionyesha kuelewa. Kwa siku mbili hawakushuka. Masuke yaliyobaki yalitosha, mama akasema akiyahesabu kwa macho: chungu kimoja cha kasiksi, na konzi moja kwa kila ndugu. Majuma mawili tu ya jua.

Jumapili, baada ya misa, Akerere alishuka kwa njia ya miguu pamoja na mlinzi wake. Alikuwa mtu mnene, mwenye viatu vyeupe ambavyo alivitazama kila hatua. Baba alisimama kutoka kwenye kiti chake haraka hata gazeti likaanguka. Majirani, ambao huwa hawana kazi Jumapili, wakajaa kwenye ua.

"Citoyenne," akasema, yaani raia, kama ilivyokuwa lazima kuitana enzi zile, "uliua ndege yangu."

"Bonjour, citoyen," mama akajibu. "Tusalimiane kwanza."

"Ndege yangu, nasema! Nyumba ni yangu, kizimba ni yangu, ndege ni yangu. Batu bote banajua."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Iko muzuri. Kama ndege iko ya kwako, na tumbo yake iko ya kwako. Basi unirudishie mtama yangu."

Watu wakacheka. Hata mlinzi alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Ile inakula mtama ni ya pori," Akerere akasema. "Hii yenye ilikufa njo ya kwangu."

"Unaitambua namna gani? Ilikuwa na carte d'identité, na jina na picha?"

Sasa walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nami nataka msomaji alishike neno hilo la Akerere kama nilivyolishika mimi, kwa sababu nimelisikia tena mara nyingi, kwa sauti nyingine na ofisi nyingine. Kasuku walipokula walikuwa wa porini. Mmoja alipokufa, akapata mwenyewe. Nimesoma vitabu vinene juu ya sheria na mali, na sijaona mahali ambapo nchi yetu imeelezwa kwa ufupi zaidi.

Mama alikuwa akishinda. Hilo ndilo lazima nilikumbuke. Mtu yule alikuwa amekwisha kuanza kutazama viatu vyake. Na mimi, mtoto wa kufikiri, nikaona nafasi ya kummaliza. Nikapiga hesabu: ni nani mkubwa kuliko Akerere? Chama peke yake. Ndege akiwa wa Chama, basi si wake, na mama yuko huru. Nikapenya kati ya watu, nikabana visigino.

"Citoyen, aiko ya kwako," nikasema kwa sauti ya darasani. "Ni ya Parti."

Kicheko kikakatika.

"Rudilia," akasema taratibu.

"Iko kijani, na manjano chini ya mabawa, na rouge ku mudomo. Sawa drapeau."

Akageuka akamtazama kasuku kwenye kigingi. Niliona uso wake ukilainika, kama mtu aliyepoteza funguo akazikuta mfukoni mwake.

"Kwa hiyo mama yako," akasema, "aliua ndege ya rangi ya drapeau, akaitundika kichwa chini. Mbele ya batu."

Majirani walianza kukumbuka masufuria yaliyo motoni. Mmoja mmoja ua ukawa mtupu. Baba akasogea mbele, mikono imekutana kifuani.

"Pardon, citoyen. Ni mutoto."

"Ni mutoto ya nani?"

Baba akainamisha kichwa juu ya kalamu zake mbili.

"Miye si mutu mubaya," Akerere akasema. "Hii neno sitaipeleka mahali. Lakini hii mtama inaita bandege, na inachafua vue ya ziwa ku dirisha yangu. Samedi, Jumamosi ku salongo, muikate yote."

"Bado juma mbili, citoyen," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake ikiomba. "Juma mbili tu. Ni ya mama yangu."

"Samedi," akasema baba. Si Akerere. Baba.

Usiku huo niliwasikia kupitia ukuta. "Mudomo yako uliiacha wapi?" mama akauliza, na baba akajibu, "Na mudomo utalisha batoto?" Asubuhi nilimwuliza baba, kwa heshima, kama kweli ndege hakuwa wa Chama. Alinipiga kofi. Ndilo kofi la pekee alilowahi kunipiga, na hakuwa na jibu jingine. Siku hizi najua kwamba hakuna aliyekuwa nalo.

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi: kufagia barabara, kuzibua mifereji, kufyeka. Mkubwa wa mtaa alileta watu wanane. Walisimama kando ya mtama wakitazamana, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Hata mtu asiyemjua koko anajua kwamba hukati suke lenye maziwa. Ndipo baba akashuka, amevaa abakosi yake, kana kwamba anakwenda ofisini. Akapokea panga. Akafyeka mstari wa kwanza, na alifyeka vizuri, kwa unyoofu, kama mtu anayepiga mstari chini ya jumla. Wengine wakafuata.

Mama aliingia ndani. Nilidhani anakwenda kulia. Akatoka na kopo.

Akasimama nyuma ya baba, hatua mbili, akalitikisa. "Huuu!" akapaza. "Huuu! Tokeni mu mtama!" Mwanamume mmoja akacheka, kisha akaacha. Baba alihamia mstari wa pili, mama akamfuata. Mstari wa tatu, akamfuata. "Huuu! Tokeni mu mtama ya mama yangu!" Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ule ule wa kulinda shamba, wa mtu anayefanya kazi yake. Alimpigia mumewe kopo toka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na baba hakugeuka hata mara moja, shingo yake imeingia kwenye ukosi, mgongo wa abakosi umelowa.

Kelele ziliwatoa kasuku mitini. Wakaruka juu yetu wakizunguka, kijani, manjano, wekundu. Na mikono yangu ikashuka ubavuni. Visigino vikabana. Sikuviambia. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa ukweli, nilikuwa naliona shamba likilala chini, na mwili wangu ukasimama wima kwa ajili ya ndege. Nimewasamehe wachache katika habari hii, lakini visigino vyangu sijavisamehe.

Punje zile zilikuwa changa. Ukizibonyeza zinatoa maji meupe, na mbegu ya namna hiyo haioti. Mama alianika masuke kadhaa juu ya mabati. Yakanyauka, yakawa makapi. Siku ya kuondoa kilio ilipofika, alinunua mtama mwekundu sokoni kwa mwanamke aliyetoka Luberizi, akachachusha kasiksi, tukapanda kamioni hadi Kalehe. Chungu kiliwekwa katikati ya ua. Mjomba mdogo, kitinda mimba wa koko, akanywa, akaramba midomo, akanywa tena.

"Dada, hii iko mbegu ya mama?"

"Njo yenyewe," mama akasema.

Nilikuwa nimeketi miguuni pake. Sikuwahi kumsikia akisema uongo kabla ya hapo, na alisema ule bila kupepesa macho. Kisha akafungua kitambaa, akawagawia ndugu zake, konzi kwa kila mmoja, na walipokea kwa mikono miwili. Mpaka leo wajomba zangu wanalima Kalehe mtama wa mwanamke wasiyemjua, na wanauita wa koko.

Chuo kikuu nilimwuliza profesa wa elimu ya wanyama habari za kasuku wale. Alifurahi, wanafunzi hawaulizi sana. Akanieleza asili yao, chakula chao, jinsi walivyo hodari wa kuishi popote. Akasema hapa ni wageni, waliingizwa, sasa ni wa porini, hawana mwenyewe. Nikamwuliza: toka lini hawana mwenyewe, profesa? Kabla ya kula au baada? Alidhani ninafanya mzaha. Akerere alikwisha kuhamia Kinshasa wakati huo; duka lilibaki rafu tupu, na nyumba imeota nyufa. Kasuku wangali pale.

Nimesema nilinyoosha mkono kumnyang'anya mtoto kopo. Mama akasema, acha acheze, nikaacha, nikatua begi. Baba alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti chake, mzee sasa, bila kazi, bila kalamu, amevaa shati tu. Mtoto akatikisa kopo kwa nguvu. Baba akashika mikono ya kiti, akainuka kwa taabu, akaingia ndani. Mtoto akachoka, akaacha. Baba akatoka, akaketi. Mtoto akatikisa tena. Baba akainuka, akaingia ndani.

Ndipo nilipomtazama mama. Hakuwa akimtazama mtoto. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea na lengalenga, jani baada ya jani, na macho yake yalikuwa mlangoni alipopita baba, yakisubiri atoke.

Mtoto alipitiwa na usingizi, kopo likamponyoka, likaviringika hadi kwenye viatu vyangu. Nikaliokota. Nikaangalia kama waya bado umekaza. Kisha nikakaa karibu na mtoto, nikingoja aamke, nimrudishie.